Usiku wa Saa Sita Mchana

Haskett aliivua kofia yake, akaitundika kwenye msumari kando ya dirisha la tiketi, akangoja macho yazoee. Nje lilikuwa jua la Julai. Humu ndani hakukuwa na jua, lakini joto lilikuwa lilelile, ila limefungiwa.

"Funga mlango, bwana, utaniingizia vumbi!" sauti iliita kutoka gizani. "Kama umekuja kutazama picha, umechelewa mwaka mzima."

"Nimekuja kukuona wewe, Bwana Pell."

"Basi umechelewa zaidi."

Mwenye sauti alijitokeza katikati ya viti. Durward Pell alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mnene wa mabega, amevaa fulana na suruali ya suti. Kilichomshangaza Haskett ni weupe wa shingo yake. Katika mji wa Piedra Blanca kila mtu alikuwa na shingo ya rangi ya tofali, hata kasisi. Shingo ya Pell ilikuwa nyeupe kama unga.

"Jina langu Lem Haskett. Mpelelezi. Zamani nilikuwa nakagua majengo yaliyoungua, kwa niaba ya kampuni za bima. Siku hizi nafanya kazi zangu mwenyewe."

"Na leo unamfanyia nani?"

"Refugio Bracamonte."

Pell alichukua kitambaa, akajifuta uso, akaendelea kujifuta hata pale uso ulipokwisha kukauka.

Refugio alikuwa nje, ndani ya gari, ameweka leso yenye maji utosini. Kaka yake Eulalio angenyongwa Ijumaa, na leo ilikuwa Jumanne. Gereza lilikuwa limekwisha kuomba nguo za kumzikia. Refugio alipeleka shati, suruali na viatu. Kofia alikataa kuitoa. Ilikuwa pale kwenye kiti cha mbele, imefungwa kwenye gazeti, na njia nzima kutoka Los Angeles aliishikilia kwa mkono mmoja kama mtoto anayeweza kuanguka.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Miaka minane iliyopita kampuni ya Sylvan Dorrance ilikuja kwenye miamba iliyo nyuma ya mji huu kutengeneza filamu ya kauboi, filamu bubu kama zilivyokuwa zote wakati ule, iliyoitwa *Kisima cha Mjane*. Katika onyesho la mwisho mwigizaji mkuu, Clay Renshaw, alipigwa risasi iliyotakiwa kuwa tupu. Haikuwa tupu. Eulalio ndiye aliyekuwa akitunza farasi na bunduki. Alijua lawama ingeangukia wapi, akavuka mpaka kwenda Sonora usiku uleule. Mwaka jana alirudi kumzika mama yake, wakamkamata kaburini. Shahidi aliyemfunga kamba shingoni alikuwa mmoja tu: Durward Pell, mwenye sinema, aliyeapa kwamba alikuwapo na aliona kwa macho yake.

Filamu yenyewe, ambayo ingeweza kusema ukweli, haikuwapo. Ghala la Dorrance liliungua kabla haijaonyeshwa popote. Hakuna mtu aliyewahi kuiona.

Haskett alizunguka ukumbi taratibu. Karibu na mlango palikuwa na makasha mawili makubwa ya mbao, kamba zake hazijakatwa, vumbi juu yake nene kama blanketi. Ubavuni yalipigwa muhuri wa kiatu cha farasi chenye herufi D.

"Mashine za sauti," Pell alisema haraka. "Siku hizi watu hawataki picha zisizosema."

"Za ghali hizi. Mbona hujazifungua?"

"Fundi hajaja."

"Tangu lini?"

"Tangu majira ya baridi."

Eulalio alikuwa amehukumiwa majira ya baridi. Haskett alivuta kiti kimoja cha ukumbi, akakaa.

"Nieleze siku ile."

"Nilikwisha kumweleza hakimu."

"Hakimu alikuuliza kama uliona. Mimi nakuuliza uliona nini. Mtu anakwenda kufa, Bwana Pell. Robo saa yako haiwezi kukuua."

Pell alikaa viti vitatu mbele yake, akamgeukia nusu. Alipoanza kusimulia, alisimulia vizuri. Kazi yake maisha yote ilikuwa kutazama hadithi.

"Nilisimama karibu na hori la kunyweshea farasi. Renshaw akatoka mlangoni kwa mjane, taratibu, mkono mmoja kwenye mkanda. Mbalamwezi ilikuwa imemwagika uani kote. Buluu tupu. Unaona kila jiwe, unaona hata vumbi linavyopanda kwenye viatu vyake. Yule adui yake akasimama karibu na zizi, akapewa bunduki, akalenga. Renshaw akashika ubavu. Akapiga magoti. Sisi tuliokuwapo tukasema, huyu leo anaigiza kweli."

"Nani aliyempa bunduki?"

"Eulalio. Alitia risasi kutoka mfukoni mwake."

"Una hakika? Usiku ule?"

"Nimekwambia kulikuwa na mbalamwezi."

"Lazima kulikuwa na baridi."

"Baridi ya jangwani, bwana. Nilikuwa nimevaa koti, na bado meno yakigongana."

Haskett alitikisa kichwa kana kwamba anamwonea huruma kwa baridi ile. Kisha akaomba maji. Pell akaenda kuyachota, na Haskett akabaki akiyatazama makasha yale mawili.

Refugio ndiye aliyewapikia watu wa filamu siku ile. Alikuwa amemweleza Haskett njiani, bila kujua uzito wa anachosema, kwamba onyesho lile lilipigwa saa sita mchana, jua utosini. Kwamba mwongozaji aliwafokea watu waharakishe kabla vivuli havijarefuka. Kwamba sahani za bati za maharage ziliwaunguza vidole. Na ndivyo ilivyokuwa lazima iwe. Kamera za wakati ule hazikuona gizani. Walioitaka picha ya usiku waliipiga mchana kweupe, kisha nakala ikatumbukizwa kwenye rangi ya buluu, na watazamaji wakasema, tazama, usiku. Haskett alikuwa amekagua vyumba vya rangi vilivyoungua. Alikuwa amezungumza na wanawake waliofanya kazi humo, mikono yao imeiva buluu hadi viwikoni.

Aliyesimama kwenye ua ule angekumbuka jua. Aliyekaa kwenye kiti ndiye angekumbuka mbalamwezi.

Basi Pell hakuwapo. Na filamu ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona, Pell alikuwa ameiona.

Hapo Haskett angesimama, angechukua kofia yake na kutoka. Lakini ushahidi huo ulikuwa neno lake dhidi ya neno la shahidi aliyeapa, na hakimu hangemwachia mtu kwa sababu ya rangi. Aliitaka filamu.

"Ahsante kwa maji," alisema. "Naomba nikione chumba chako cha mashine. Mazoea ya kazi yangu ya zamani."

"Hakuna kitu kule."

"Basi hatutakawia."

Pell akachukua funguo.

* * *

Walipanda ngazi hadi roshani ya juu. Mlango wa chumba ulikuwa wa chuma, wenye jiwe zito lililoning'inizwa kwa mnyororo ili ujifunge wenyewe moto ukitokea. Ndani kuta zote zilipigwa mabati. Mashine mbili zilielekezwa kwenye matundu mawili ya ukutani, na juu ya kila tundu kilining'inia kifuniko cha chuma, tayari kuanguka. Upande wa pili kulikuwa na mlango mwingine, mdogo, wa kutokea kwenye ngazi ya nje.

Haskett alinusa kabla hajaona. Harufu ya soksi chafu iliyochanganyika na kafuri. Aliijua. Ni harufu ya filamu inayokufa, na filamu inayokufa kwenye joto kama hili haihitaji kiberiti ili iwake.

"Unaweka nini kwenye kabati hili?"

"Takataka."

Haskett aliinama. Alikuwa bado ameinama wakati mlango ulipofungwa nyuma yake kwa kishindo, ufunguo ukazunguka, na vifuniko viwili vikaanguka, kimoja baada ya kingine. Giza likawa giza kweli.

"Pell!"

Kisha kifuniko kimoja kiliinuliwa kutoka upande wa roshani, upana wa kiganja, kikaegemezwa kwa kipande cha mbao. Kwenye ufa ule Haskett aliona mdomo wa Pell, na chini yake taa ya mafuta inayowaka.

"Hii unaiona?"

"Naiona."

"Ukipiga kelele hata mara moja, naisukuma humo ndani."

"Usiisogeze karibu na tundu, bwana. Tafadhali. Joto lake tu linatosha."

"Unafikiri sijui? Nimeendesha mashine hizi miaka ishirini."

Filamu ya aina ile, ikishika moto, huwaka hata chini ya maji. Moshi wake humwua mtu kabla moto haujamgusa. Haskett alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa bati. Bati lilikuwa la moto.

"Nakwenda kupiga simu," Pell alisema. "Tulia."

Hatua zake zilishuka.

Haskett alianza na mlango wa nje. Ulitikisika kidogo na kugoma. Ulikuwa umezuiwa kwa nondo upande wa pili. Alipapasa kuta, alipapasa dari. Bomba la kutolea hewa lingepitisha paka, tena paka mwenye njaa. Jasho lilimwingia machoni. Kiberiti kilikuwa mfukoni mwake. Alikitoa, akakiweka juu kabisa ya mashine, mbali, asije akakisahau kwa mazoea na kutaka kuwasha.

Chini kidogo ya bawaba ya mlango ule kulikuwa na tundu la msumari uliong'oka. Mwanga wa jua uliingia hapo, mwembamba kama sindano. Huo ndio mwanga pekee aliopewa, akamshukuru Mungu kwa huo.

Alilifungua kabati. Mikebe mitano. Minne aliyoishika ilikuwa imejaa unga na kitu kinachonata kama asali. Wa tano filamu yake ilikuwa bado imejiviringa, pembeni imeshikana, katikati nzima. Akaifungua kwa vidole vilivyolowa, akaipitisha mbele ya tundu, picha moja baada ya nyingine.

Mwanamke na ndoo. Farasi. Maandishi. Kisha mwanga ule uliotoka jangwani mweupe ukaingia chumbani ukiwa buluu.

Haskett alipunguza mwendo. Renshaw mlangoni. Renshaw uani. Kivuli chake kilikuwa kimejikunja chini ya miguu, kifupi kama leso iliyoanguka. Adui karibu na zizi. Mlango wa zizi unafunguka kidogo, mkono unatoka na bunduki. Mkono tu, na mkono ule ulionekana kwenye picha nyingi mfululizo, mkono wa kushoto, kidole cha mwisho kimekatika katikati.

Kila aliyewahi kukutana na Sylvan Dorrance alikijua kidole kile. Na ua ule wote ulikuwa umewekwa kwa ajili ya jicho la kamera. Waliosimama pembeni waliuona mgongo wa mlango tu.

Haskett alisogeza picha karibu zaidi na jicho. Juu, mbali, kwenye mteremko wa mawe, mtu mdogo kama punje ya mchele alikuwa ameshika farasi wanne. Alivaa kofia yenye ukingo uliopinda upande mmoja.

Alikata kipande kwa kisu, akakiingiza ndani ya shati. Kingine akakificha kwenye kiatu. Kilichobaki alikiviringa upya na kukirudisha mkebeni.

* * *

"Bwana Dorrance anakuja," Pell alisema kwenye ufa. "Atafika kabla ya giza. Yeye ndiye atakayejua la kukufanya."

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Yeye atajua la kukufanya wewe pia. Anajua kwamba hukuichoma filamu?"

Taa ilitikisika.

"Ulimwambia nini kwenye simu?" Haskett aliuliza. "Ulimwambia kuna mpelelezi. Ulimwambia yuko chumba cha mashine. Na yeye akauliza, anatafuta nini humo, siyo? Sasa hivi yuko barabarani, anajiuliza swali hilohilo."

"Nyamaza."

"Siku ile ulikuwa wapi, Pell?"

"Nimekwisha kukwambia."

"Umeniambia mbalamwezi. Ilikuwa saa sita mchana."

Haskett alisikia mbao za roshani zikilia; Pell alikuwa amekaa chini.

"Saa sita?" alisema hatimaye.

"Mchana. Maharage yalikuwa jikoni. Uliza mji mzima."

"Mji mzima..." Pell alicheka kidogo, bila furaha. "Miezi yote hii nikipita mbele yao. Hakuna aliyeniuliza."

"Ulikuwa wapi?"

"Kitandani. Jino. Uso wangu ulikuwa mkubwa kama tikiti."

"Na filamu?"

"Aliileta Dorrance mwenyewe. Ndiyo desturi yao, wanaileta kwanza kwenye sinema ndogo ya mbali, waone watu wa kawaida watacheka wapi, watalia wapi. Lakini hii alitaka aione kwanza peke yake kwenye pazia kubwa. Mimi nikaendesha mashine. Alikuwa na furaha, bwana! Alisema nchi nzima itanunua tiketi kumwona Renshaw akifa kweli. Basi likaja onyesho lile. Akapiga ukelele, simamisha. Akasimama mbele ya pazia akitazama mahali hapo, kwenye mlango wa zizi. Kwenye vyumba vyao vya kukatia picha kila kitu ni kidogo kama stempu. Hapa mkono wake ulikuwa mkubwa kuliko mimi."

"Akakwambia uichome."

"Papo hapo. Nikachoma nyingine, uani, akaona moshi akaridhika. Nilisema moyoni, hakuna anayeharakisha kuchoma kitu kisicho na thamani." Akashusha sauti. "Renshaw alikuwa anaihama kampuni, unajua. Alikuwa amebakiza filamu ile tu."

"Na majira ya baridi alikuja tena, na makasha."

"Alisema sinema bila sauti ni kaburi. Alisema nitamke maneno machache tu. Yule Mmeksiko alikimbia, alisema, mtu asiye na hatia hakimbii. Nikatamka. Siku hakimu aliposoma hukumu nilirudi nikachukua kisu kukata kamba za makasha. Mkono ulikataa. Mpaka leo unakataa."

"Basi fungua mlango."

"Nikifungua nanyongwa mimi."

"Kwa uongo hunyongwi. Utafungwa. Lakini ukiisukuma taa hiyo, hapo ndipo utanyongwa, na kwa haki."

"Nimefungwa tayari, bwana," Pell alisema. "Miaka minane sithubutu kuondoka hata kwenda kwa dada yangu. Nikisafiri nani atailinda? Nikiichoma, sina cha kumzuia Dorrance. Nikiitunza, inaoza. Kila kiangazi nalala kwenye roshani hii nikinusa."

Chini mlango mkubwa ulilia.

"Hodi humu!"

Ilikuwa sauti ya Refugio. Pell alisimama upesi, akaleta mdomo kwenye ufa.

"Sauti moja tu," alinong'ona. "Yangu au yako. Ikiwa yako, naitupa na yeye akiwemo." Akaondoa kipande cha mbao taratibu, kifuniko kikashuka karibu chote. Ukabaki uwazi kama unene wa sarafu.

Haskett alifungua kinywa, akakifunga. Aliweka sikio kwenye uwazi ule.

"Karibu, mama," Pell alikuwa akisema huko chini. "Jua limekufukuza?"

"Bwana Haskett yuko wapi?"

"Ameondoka. Mlango wa nyuma."

"Ameondoka? Mimi niko mbele hapo na gari."

"Alisema anawahi treni, ana jambo la haraka mjini. Alisema nimwombee radhi kwako."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu. Stesheni si mbali."

Haskett aliuma kidole chake.

"Wanaume," Refugio alisema. "Nimemlisha tamale za mahindi njia nzima, na haagi."

"Ndivyo walivyo, mama. Usikae juani, utapata kizunguzungu."

"Haya. Ahsante, bwana."

Mlango ulilia tena. Motokaa haikuwashwa. Haskett alikaa juu ya sakafu ya bati, mkebe mapajani, akasikiliza. Hakusikia chochote. Kiti cha roshani kililia kwa joto. Ndani ya kabati kitu kilitoa mlio mdogo, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno, na harufu ikawa kali zaidi. Aliomba kwa maneno machache. Hakujiombea yeye tu. Aliombea ile mikebe minne ya asali isipate moto zaidi ya ule ilionao.

Ndipo nondo ikakwaruza mlangoni.

Ilikwaruza tena, ikaanguka, na mlango mdogo ukafunguka. Mwanga ulimpiga usoni kama maji. Refugio alisimama kwenye ngazi ya nje, kijimwanamke kifupi cha miaka arobaini, sketi ameikunja mkononi.

"Toka, mzee," alisema. "Unanuka kama kabati la marehemu."

"Umejuaje?"

"Kofia yako iko kwenye msumari."

"Kofia tu?"

"Kofia *tu*? Katika bonde hili hata mwehu wetu hatembei saa hizi bila kofia. Nikasema moyoni, mtu huyu hajui kabisa jua ni kitu gani. Nikazunguka nyuma, nikaona mlango umezuiwa kwa nondo."

Haskett alikumbatia mkebe, wakaanza kushuka. Hawakufika nusu ya ngazi. Pell alitokea kwenye pembe ya jengo, fulana imemganda, macho ameyafinya hadi yakawa mistari miwili, taa mkononi. Alisimama penye ngazi ya chini kabisa. Kutoka pale, hata mtoto asingeikosa shabaha.

"Uweke chini mkebe," alisema.

"Hapana," Haskett alisema.

"Uweke chini, uondoke. Mimi nitaichoma, nitasema hukuja. Sote tutakuwa huru."

"Sote?" Refugio aliuliza.

Alishuka ngazi mbili, akajiweka mbele ya mkebe. "Wewe ndiye Pell. Nilikutazama mahakamani siku nzima, wewe hukunitazama. Nitazame sasa. Mimi ndiye dada yake."

"Mama, sogea."

"Tupa."

"Dada Refugio," Haskett alisema chini chini.

"Atupe! Kaka yangu umemwua kwa mdomo, ukiwa umekaa. Mimi niue kwa mkono, umesimama, nakuona. Tupa."

Mkono wa Pell ulipanda hadi usawa wa bega. Ukabaki hapo. Jua lilikuwa likimwanguka kichwani, jasho likimtiririka kwenye shingo ile nyeupe, na hakuna aliyesogea. Kisha mkono ukashuka.

"Imezimika?" Haskett aliuliza.

Pell aliitazama taa. "Sijui," alisema. "Kwenye jua hili moto hauonekani."

Refugio alishuka, akaichukua mkononi mwake kama anavyonyang'anywa mtoto kisu, akaizamisha kwenye pipa la maji lililokuwa pembeni. Ilitoa mlio mkali na moshi. Ilikuwa inawaka.

Hapo ndipo Haskett alipokaa kwenye ngazi. Alitoa kipande cha filamu ndani ya shati, akampa. "Kiinue kwenye mwanga. Juu, kwenye mawe."

Refugio aliinua. Rangi ya buluu ilimwangukia usoni, kwenye jicho moja na shavu.

"Farasi yule wa mwisho alikuwa na woga," alisema. "Kila bunduki ikilia, ilibidi amshike sikio. Tazama. Amemshika sikio."

Akakirudisha kipande kwa vidole viwili, akaufuta uso kwa ile leso yake.

Haskett hakutaka kupoteza muda. Mahakama ilikuwa kaskazini, Dorrance alikuwa akija kutoka kusini, na barabara ilikuwa moja. Alichukua magunia mawili ya kahawa kutoka mlango wa nyuma, akayalowesha kwenye pipa, akaufunga mkebe ndani yake. Kisha akamgeukia Pell, ambaye alikuwa bado amesimama palepale, mikono imelegea, kana kwamba hakuna aliyemwambia onyesho limekwisha.

"Utakaa kiti cha nyuma," Haskett alimwambia. "Mkebe mapajani mwako. Gunia likikauka, unamwagia maji. Mkebe ukifika kwa hakimu ungali mzima, na wewe ungali mzima, utamweleza habari za jino."

"Na Dorrance?"

"Atakuta makasha yake."

Pell aliitikia kwa kichwa taratibu. Walizunguka jengo hadi mbele. Haskett aliingia akachukua kofia yake kwenye msumari, akatoka. Pell alikuwa amefika kwenye kivuli cha mwisho cha ukumbi, akasimama, akautazama mtaa mweupe uliokuwa mbele yake.

"Ngoja nichukue kofia," alisema. Kisha akafikiri. "Sina kofia."

Refugio alikuwa amekwisha kufungua mlango wa gari. Aliinama kwenye kiti cha mbele, akafungua gazeti, akaitoa kofia ya zamani yenye ukingo uliopinda upande mmoja. Aliipuliza vumbi. Alimkaribia Pell, akamvisha kwa nguvu hadi masikioni.

"Vaa," alisema. "Utamrudishia mwenyewe, kwa mkono wako."